Miezi Minane ya Salome

Nilifanya kazi kwenye televisheni miaka ishirini na mitatu na sikuonekana hata siku moja. Nawaambia mapema, maana kila kijana akisikia kuwa bibi huyu wa Turffontein alikuwa "wa TV" hukimbilia simu kutafuta sura yangu. Hamtaiona. Mimi nilikuwa Randburg, chumba cha urushaji, ghorofa ya chini, chumba kisicho na dirisha. Mbele yangu ulikuwepo ukuta wa skrini, kila skrini na chaneli yake, na ya kwangu ilikuwa chaneli ya Kiswahili. Tuliirusha kutoka hapa Johannesburg hadi kwenye setilaiti, ikashuka Tanga kwetu, Mombasa, Bujumbura, Lubumbashi na popote palipokuwa na dishi juu ya paa. Kazi yenyewe inaelezeka kwa sentensi moja: kipindi kikiisha kingine kianze, na katikati pasiwe na giza. Giza la sekunde tatu unaandika maelezo, na la sekunde kumi unaitwa ofisini.

Naandika haya kwa ajili yenu mnaotaka kuingia kazi za aina hii, na ambao nikiwasemesha Kiswahili mnanijibu kwa Kizulu. Si neno, ilimradi mnaelewa. Sitafuata mwaka hadi mwaka kwa sababu siikumbuki kwa mpangilio, ninachokumbuka ni makosa. Mtu akikusimulia kazi yake bila kosa hata moja, ama hakufanya kazi hiyo au anakuomba kura.

Aliyenifundisha ni Papa Kasongo, Mkongomani wa Lubumbashi, mkuu wa zamu yetu. Alikuwa mfupi, nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama, na hakuwahi kupaza sauti. Enzi hizo vipindi vililetwa kwenye kanda, na kabla ya kurusha ilitupasa kuikagua kila kanda. Mwezi wangu wa kwanza nilikagua mwanzo wa kanda moja ya tamthilia, nikakagua mwisho, nikaona mambo safi, nikaiingiza. Katikati ya kipindi, mama mkwe akiwa ndiyo kwanza anaanza kulia, ikatokea sherehe ya mtoto wa mtayarishaji: keki, mishumaa, watoto wamepaka krimu puani. Kumbe jamaa alirekodi nyumbani juu ya kanda ya kazi. Afrika Mashariki nzima ikala keki kwa sekunde arobaini.

Nikangoja kufukuzwa. Papa Kasongo akavuta kiti, akaketi karibu yangu.

"Mama, kichwa uliangalia?"

"Niliangalia."

"Mukia uliangalia?"

"Niliangalia, Papa."

"Sasa tumbo iko ya nani?"

 Tangu siku hiyo nilikagua kichwa, mkia, na tumbo mahali patatu. Kanda zilipokwisha yakaja mafaili kwenye seva, nikaendelea vilevile, na wenzangu wenye digrii wakanicheka. Faili nalo hubeba keki tumboni, nimeliona kwa macho yangu zaidi ya mara moja.

Kosa la pili ni langu mwenyewe na nililifanya kwa imani kabisa. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na wakubwa waliamua chaneli yetu iweke adhana ya Magharibi ili watu wafuturu nayo. Wakanipa kazi hiyo kwa kuwa mimi ndiye Mwislamu wa zamu. Nikajaa fahari. Nikachukua saa za jua kuchwa za kwetu pwani, nikazipanga mwezi mzima kwa dakika na sekunde. Siku ya kwanza adhana ikatoka, tamu, hakuna giza, hakuna keki. Siku ya tatu watu wa huduma kwa wateja wakaleta malalamiko ya Kigoma. Mzee mmoja wa kule aliuliza kwa adabu kubwa: televisheni inaadhini na jua bado liko pale juu ya ziwa, je, tufuate jua au tufuate televisheni? Wapo walioifuata televisheni. Pwani jua linatangulia kuzama kuliko Kigoma kwa zaidi ya nusu saa, na mimi nilikuwa nimewafuturisha watu mchana kweupe.

Papa Kasongo alikuwa Mkristo wa kanisa la kelele nyingi, lakini siku hiyo alishika kichwa kama shehe. "Mama, weye ulizani jua yenu iko moja? Ku Kongo kwetu hata saa iko mbili." Ni kweli, nchi yao ni pana kiasi cha kuwa na saa mbili. Tukaiondoa adhana, tukaweka maandishi yanayopita chini ya skrini, mji mmoja mmoja na saa yake. Nilifunga siku moja ya ziada kwa aibu, ingawa najua haikuwasaidia watu wa Kigoma waliolazimika kuilipa ile siku. Fundisho lake ni hili: mtazamaji hayuko pale ulipozaliwa wewe.

Sasa nije kwenye mazoea yetu fulani, maana ndiyo yaliyozaa jambo kubwa ninalotaka kuwasimulia. Tulikuwa na daftari la zamu. Anayetoka anaandika yaliyotokea, anayeingia anatia sahihi kuwa amepokea. Kwa sheria unatakiwa usome kwanza, kisha utie sahihi. Lakini anayetoka ana teksi, daladala ya huku, ya kuwahi kituo cha Bree, na teksi ikijaa haimngoji mtu wa televisheni. Kwa hiyo kwetu sahihi ilitangulia. Unaingia, hata koti hujavua, unasaini, mwenzako anakimbia, wewe unaketi na chai yako ndipo unasoma. Sahihi kwetu ilikuwa na maana ya "nimefika, nenda". Kila mgeni wa dawati la Kiswahili nilimfundisha hivyo, na nilimfundisha hivyo Salome.

Salome alikuwa dada wa Dar, wa Temeke, miaka thelathini na kitu, mwepesi wa mikono na wa maneno. Alikuja na kibali cha kazi kilichoandikwa jina la kampuni yetu. Nyinyi mliozaliwa hapa hamjui maana yake. Kibali cha namna ile si cha kufanya kazi popote: kinasema mtu fulani anaruhusiwa kufanya kazi kwa fulani. Ukitoka kwa fulani, umetoka kwenye kibali. Lakini ukikaa nacho miaka mitano mfululizo, unaweza kuomba ukaazi wa kudumu, na hapo ndipo unapumua. Mimi nilikwisha kuupata zamani. Salome alikuwa akihesabu. Alikuwa na binti yake shuleni hapo hapo Randburg, darasa la nne, na siku moja alinionyesha kalenda ndogo ndani ya pochi ambayo kila mwezi ukiisha aliukata kwa kalamu.

Wakati huo dunia yetu ilikuwa inageuka. Watu walikuwa wanaacha kungoja. Zamani mimi ndiye niliyeamua Mombasa ione nini saa mbili usiku, na Mombasa ikakaa. Sasa mtu ana simu, ana data, anatazama vipindi vyote vya wiki akiwa kwenye foleni ya benki. Kampuni ikaanzisha huduma yake ya kutazama mtandaoni, ikaiweka ghorofa ya tatu. Ghorofa ya tatu kulikuwa na madirisha, mashine ya kahawa na vijana wenye viatu vyeupe. Sisi wa chini tukawa tunaitwa "chaneli", kama vile jina la ugonjwa.

Kisha likaja tangazo kuwa kampuni itagawanywa. Walieleza kwa michoro na rangi, lakini nitawaeleza kama nilivyoelewa. Chaneli zilikuwa bado zinaleta fedha, ila kila mwaka wateja wanapungua. Mtandao ulikuwa unakua, ila unakula kuliko unavyoleta. Wenye hisa hawakutaka tena vikae chungu kimoja. Kwa hiyo kampuni mama ibaki na mtandao, na chaneli zote zitengwe, zipewe kampuni mpya yenye jina jipya, zijitegemee. Nimewahi kuona ndugu wakigawana urithi hivyo: mmoja anapewa kiwanja, mwingine anapewa ng'ombe mzee anayekamuliwa bado. Siku hizo wazee wenzangu walipenda kusema usiache mbachao kwa msala upitao, wakimaanisha chaneli ndiyo mbachao.  Mimi nilijua tayari niko kwenye orodha gani.

Nilikuwa kwenye orodha ya juu, ya mtandao. Thandeka, mkuu wa utumishi, aliniita akanieleza kuwa mtandao unataka mtu anayeijua hazina yote ya vipindi vya Kiswahili, kipi kimekatwa wapi na kipi kina nini tumboni. Akanionyesha hata meza yangu. Ilikuwa dirishani. Nikasimama pale nikaona miti ya jakaranda na magari yamepanga foleni kwenye robot, yaani taa za barabarani, na niseme ukweli, nililengwalengwa na machozi. Miaka ishirini na miwili nilikuwa sijui kama nje kunanyesha mpaka mtu aingie na mwavuli. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili nistaafu na nilitaka kuimaliza nikitazama mvua.

Barua zikaletwa Jumanne asubuhi, wakati wa kubadilishana zamu. Msichana wa utumishi alipita na trei ya bahasha na karatasi ya sahihi. Mimi yangu nilishaijua. Salome alikuwa anaingia, begi begani. Akatia sahihi mbili palipoonyeshwa, akaweka bahasha chini ya kikombe, akaniambia, "Nenda Bi Mwanaidi, utakosa teksi." Nikaenda.

Saa nne alinipigia simu, na sauti yake sikuitambua.

"Bi Mwanaidi, ile karatasi haikuwa ya kupokea barua."

"Ilikuwa ya nini?"

"Ya kukubali. Nimekubali kuhamia kampuni mpya. Kibali changu kina jina la kampuni mama. Nimeuliza, wanasema watanisaidia kuomba kingine, lakini hesabu inaanza upya. Nimebakiza miezi minane, shangazi. Miezi minane!"

Hakuwahi kuniita shangazi kabla ya siku hiyo. Mimi nikafanya jambo ambalo hadi leo silipendi. Nikamfokea. Nikamwambia mtu mzima na akili zake anatiaje sahihi kitu asichokisoma. Akasema taratibu, bila kejeli hata chembe, "Si ndivyo ulivyonifundisha? Sahihi kwanza, kusoma baadaye."

Nilikuwa nimesimama nje ya spaza, kiduka cha mtaani karibu na nyumbani, mkate mkononi. 

Kesho yake tulikwenda wote wawili kwa Thandeka. Hakuwa mtu mbaya, lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. "Eish, mama," akaniambia, "majina yanafungwa Ijumaa saa kumi. Siwezi kuongeza mtu upande wa mtandao, nafasi zimehesabiwa. Labda mtu wa daraja lake, wa dawati lake, akubali kwa maandishi kubadilishana naye." Dawati la Kiswahili lilikuwa na watu wawili. Salome akatazama chini. Thandeka akanitazama mimi. Nikasema nitafikiri, nikatoka nikiwa nimekunja uso.

Nilifikiri siku mbili na kwa sehemu kubwa nilifikiria vibaya. Nilijiambia kuwa si mimi niliyeshika kalamu, na kwamba yeye ni kijana, ataanza upya. Nikawaza dirisha langu. Alhamisi nikaenda kwa Papa Kasongo, alikwisha kustaafu na alikuwa anaishi mitaa miwili kutoka kwangu, mke wake ana cherehani na wateja wengi. Nilitaka anieleze kuwa chaneli zina maisha marefu, ili nikienda chini niende na moyo. Nani angejua kuliko yeye? Nikamkuta sebuleni anatazama mpira kwenye simu, ameiegemeza kwenye sufuria.

"Papa, dishi lako liko wapi?"

"Nilisha kuuzisha, mama. Minaangaliaka ku telefoni. Data ya mutoto."

"Hata wewe?"

"Hata miye." Akapunguza sauti ya mpira, kwa heshima. Nikamweleza yote. Akasikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu. "Miye sijue mambo ya barua. Ile kampuni ya ma-chaneli, itakufa. Sijue siku, lakini itakufa. Usikuye kusema Kasongo alikudanganya."

Basi nikaondoka na kile nisichokitaka. Niliyemwendea kwa faraja alikuwa ameuza dishi. Usiku huo nililala vizuri ajabu, labda kwa kuwa sikuwa tena na kitu cha kujidanganya nacho. Ukweli ulikuwa mfupi. Nikienda chini, napoteza miaka miwili ya mshahara na dirisha. Salome akienda chini, kampuni ikifa kibali kinakufa nayo, na anapoteza nchi aliyoijenga kwa miaka minne na miezi minne, na mtoto anatolewa darasani. Na kilichompeleka huko ni mazoea niliyompa mimi kwa sababu ya teksi.

Ijumaa saa tatu asubuhi nilikuwa kwa Thandeka. Alinipa karatasi na kalamu. Nikavaa miwani nikaisoma neno kwa neno, ukurasa wa mbele na wa nyuma, yeye akitazama saa. Palipoandikwa jina la kampuni mpya nikalisoma mara mbili. Kisha nikatia sahihi. Salome aliponiona nje alitaka kupiga magoti pale korido, nikamzuia. Nikamwambia asinishukuru kwa maana nina hasira, na kama ataninunulia chakula aninunulie cha maana, si vile viazi vya kukaanga vya kantini. Akacheka huku analia. Mwanzo wa mwezi yeye alipanda ghorofa ya tatu, mimi nikabaki palepale nilipokuwa, ila kadi yangu ya mlangoni ilikuwa na jina jipya.

Msidhani kwamba nilikuwa malaika huko chini. Nilinuna. Salome alikuwa akishuka mchana kuniuliza mambo ya vipindi, kipi ni cha nani, tafsiri ipi ni nzuri, na kuna siku nilimjibu kwa mkato makusudi. Siku moja aliniambia mvua inanyesha nikamwambia najua, kumbe sijui. Kazi nayo ilikuwa inapukutika mikononi mwetu. Chaneli ya wanyama ikafungwa, ya mapishi ikafungwa, skrini moja moja ikazimwa ukutani, na hawakuziondoa, waliziacha zikitutazama. Tulikuwa kumi na wanne, tukawa sita. Mwezi wa saba tangu tugawanywe wakatuambia chaneli ya Kiswahili inafuata.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano mchana, saa sita kamili. Walitaka mashine iizime, nikakataa, nikasema mimi ndiye nitakayeizima. Kipindi cha mwisho kilikuwa marudio ya mapishi ya pilau. Nilikikagua kichwa, mkia na tumbo. Mpishi akaaga, wimbo ukaisha, nikabonyeza. Likaja giza, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu halikuwa kosa la mtu. Nilihesabu sekunde tatu kwa mazoea. Nikahesabu kumi. Nililia, na sioni haya kuwaambia, nililia kwa kwikwi kama aliyefiwa, kwa sababu nilikuwa nimefiwa.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Salome, ameshuka mbio kwa ngazi, pumzi juu. Alisimama nyuma ya kiti changu, tukatazama wote ile skrini nyeusi. Nilijua anachohesabu kichwani, maana nilikuwa nakihesabu na mimi. Ile sahihi yake ya Jumanne ingebaki ilivyokuwa, mwenye kiti hiki leo angekuwa yeye.

"Umenikasirikia, Bi Mwanaidi?" akaniuliza.

"Sana," nikamwambia. "Panda juu ukafanye kazi. Umebakiza mwezi mmoja."